Siku Mama Alipokataa Meza ya Bwana

Jumamosi, tarehe tisa Novemba. Joto tangu alfajiri. Mawingu yalijikusanya upande wa Urambo, yakanguruma kidogo mchana, halafu yakaondoka bila kuacha hata tone. Vumbi la Gongoni, mtaa wetu hapa Tabora, limeingia mpaka kwenye chumvi.

Naandika usiku, vyombo vya chakula bado havijaoshwa. Mimi si mtu wa kuandika. Nilimaliza darasa la saba, na tangu hapo kalamu yangu ni ya kuandika siku ilivyokwenda, basi. Lakini ya leo nataka niyaweke yote, na niyaweke sawasawa, maana watu wawili niliowaona leo kila mmoja ana haki yake, na naogopa nisije nikamnyima mmoja kwa kuwa namjua mwingine zaidi.

Mama ninayemwandika hapa ni mama mkwe wangu. Namwita Mama kwa sababu ndiye aliyenifundisha mji huu nilipokuja kuolewa, na sijui jina lingine la kumwita. Aliugua miguu tangu Pasaka, kisha ugonjwa ukapanda, na sasa hasimami kabisa. Hospitali walituambia tumrudishe nyumbani tumtunze. Sote tulielewa maana yake, naye alielewa kabla yetu.

Jumapili iliyopita mchungaji alikuja na mkate na kikombe, kama inavyofanywa kwa wagonjwa. Nilitandika kitambaa cheupe kwenye kimeza karibu na kitanda. Mama akatazama kitambaa, akakisifu kwamba kimepigwa pasi vizuri. Kisha akafumba mdomo.

"Bibi, Meza iko tayari," mchungaji akasema.

"Naiona, baba. Irudishe."

Mume wangu akaona aibu. "Mama, mchungaji ametoka mbali."

"Ametoka kanisani. Si mbali."

Mchungaji wetu ni kijana, ana subira, na sitaki mtu asome hapa akadhani alifanya vibaya. Aliuliza kwa upole kama koo linauma. Mama akasema koo lake zima. Kinachomzuia ni mtu mmoja aliyeko Puge, njia ya Nzega, mwanamke, ambaye yeye Mama alimfungia Meza zamani na hakumfungulia. Mpaka huyo afunguliwe, yeye hali wala hanywi.

Hapo inabidi nieleze, maana vijana wa siku hizi hawakuikuta desturi hii, na hata mimi niliikuta ikiwa mwishoni mwishoni.

Zamani kwetu, katika juma la kuelekea Meza ya Bwana, kila mshirika alizungumza kwanza. Wanaume walizungumza na mzee wa kanisa. Wanawake walizungumza na mwanamke mwenzao aliyewekwa kwa kazi hiyo. Mnakaa wawili, mlango wazi lakini hakuna anayepita, naye anakuuliza moyo wako ukoje na Bwana, na ukoje na watu. Kama una ugomvi, unatumwa ukaumalize. Kama kuna jambo kubwa zaidi, anakuambia safari hii usije Mezani. Unakuja kanisani, unaimba, lakini wenzako wakiinuka wewe unabaki benchi la nyuma. Na mambo yakishatengenezwa, yule yule mwanamke aliyekufungia ndiye anayekuja mpaka mlangoni kwako, anakushika mkono, mnakwenda pamoja na kukaa pamoja. Huendi mwenyewe, wala hatumwi mwingine. Anayekufungia ndiye anayekuja kukuchukua.

Mama aliirithi kazi hiyo kwa bibi yake aliyemlea. Nimesimuliwa na Mama, kwa hiyo naandika kama nilivyopewa. Bibi huyo alibatizwa kati ya wanawake wa kwanza huku kwetu, wakati wanaume wengi walikuwa bado wanakwenda pwani na mizigo kichwani, na wengine hawarudi. Wamisionari walifika katika vijiji ambavyo kwa miezi kadhaa ni vya wanawake na wazee. Mzungu alihubiri, lakini mkewe hakuyajua maneno ambayo mwanamke wa Kinyamwezi anamwambia mwenzake wakati wanatwanga. Basi wakawekwa kina mama wachache wa kusimama katikati. Bibi huyo hakujua kusoma. Alikuwa na nyimbo kifuani na alijua kila mwanamke wa njia ile: nani ameibiwa mume, nani ana mimba anaificha, nani amerudi usiku kwa mganga. Walitembea vijiji na vijiji, kitambaa cheupe kichwani. Waliosha maiti za wanawake, walifundisha wanaotaka ubatizo, walikaa na wazazi wapya. Hawakusimama mimbarini hata siku moja. Lakini Mama anasema hakuna mwanamke aliyefika Mezani bila kupita kwao kwanza, na mzee wa kanisa hakuthubutu kuuliza walichozungumza.

Mimi sijui kama ulikuwa uzuri mtupu. Nilizungumza na Mama mwenyewe kabla ya Meza yangu ya kwanza kama mke wa mwanawe, na nilitetemeka. Ni vigumu kumwambia mama mkwe moyo ukoje wakati moyo wenyewe umekasirikia sufuria zake. Nilimwambia. Alicheka, akasema hata yeye ananikasirikia kuhusu sufuria hizo hizo, tukasameheana. Lakini si kila mtu alikuwa na sufuria tu.

Huyu wa Puge zamani alikuwa jirani wa Mama hapa hapa, mama kijana mwenye mtoto wa kiume anayeshikwa na degedege. Siku moja Mama alikwenda kumsaidia kumwogesha mtoto, akakuta hirizi kiunoni. Hakusema kitu. Juma la kuzungumza lilipofika, akamuuliza. Yule akajibu, na Mama hajalisahau jibu hadi leo: "Mtoto ni wangu. Nitamvalisha hata kengele ya ng'ombe, mradi apone." Mama akamwambia safari hii abaki.

Alikusudia kumchukua Meza inayofuata. Ndivyo anavyosema, na namwamini. Lakini kabla ya Meza inayofuata, mume wa yule mwanamke alihamisha nyumba yake kwenda Puge kwa ndugu zake, kulima pamba. Waliondoka ghafla, kama watu wengi walivyohama miaka ile. Mama alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kufuata. Akamwomba mhubiri mmoja aliyekuwa anakwenda kule awaambie wazee wa Puge wamfungulie kwa niaba yake. Mhubiri akarudi akasema amewaambia. Mama akashukuru Mungu, akazaa mtoto wake, ambaye sasa ni mume wangu, na jambo likawa limekwisha.

Halikwisha. Mwezi uliopita walikuja kina mama wa Puge kumjulia Mama hali. Katika mazungumzo mmoja akasema, kama mtu anayechekesha wagonjwa, kwamba kwao kuna bibi anakuja kanisani mvua na jua, anaimba kuliko kwaya, lakini Meza ikifika habanduki benchi la nyuma. Wachungaji wamekuja na kuondoka, wote amewachosha. Ukimuuliza, anasema anamsubiri mtu wa Tabora.

Wenzake wakacheka. Mama akaomba maji.

Kumbe wazee wa Puge walimfungulia kweli, siku zile zile. Walimwita, wakamwombea, wakamwambia yu huru. Naye akawajibu, "Aliyenifungia ni mwanamke. Nyie wanaume mtafungua nini msichokifunga?" Akarudi benchi lake. Miaka inakaribia hamsini. Mama alidhani anajua mwenzake amekwisha funguliwa, yule wa Puge alidhani anajua atafuatwa. Kosa la namna hii sijui watu wa madhehebu mengine wangelifanyaje. Mkatoliki angekwenda kwa padri yeyote akamaliza.

Basi Jumapili hiyo mchungaji alipoelezwa yote, alikaa chini. Akasema, "Bibi, neema ya Mungu haifungwi na mtu. Yule angeweza kuja Mezani siku yoyote. Na wewe pia, leo."

Mama akamwambia, "Umesema kweli, baba. Sikukatalii. Lakini mimi niliwaweka watu nje kwa sheria hii. Nikiiruka leo kwa kuwa nimelala kitandani, basi wale wote niliwaonea."

Mchungaji hakubishana. Akafunga kikombe chake, akasema atarudi atakapoitwa. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki zaidi. Nikimsikiliza mchungaji naona Mama ni mkaidi. Nikimtazama Mama naona mchungaji bado hajamfungia mtu kitu.

Mume wangu hakutaka niende Puge. Alisema mama yake amechoka, tutafukua makaburi ya maneno, na yule bibi akikataa tutakuwa tumemuua mgonjwa kwa huzuni. Si maneno ya kijinga hayo. Nililala nayo. Asubuhi ya Jumatano Mama aliniita akaniuliza tu, "Mabasi ya Nzega siku hizi yanaondoka saa ngapi?" Nikavaa viatu.

Nilimkuta yule bibi kwenye baraza la nyumba yake, anamenya karanga za mbegu. Mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, macho makali. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kinyamwezi, nikimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe wa wapi? Miguu misafi hivyo, wa mjini."

"Natoka Tabora. Gongoni."

Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. "Tabora. Watu wa Tabora huwa hawafiki huku. Wanasikia tu kwamba kuna huku."

Nikajitambulisha mimi ni mke wa nani, na nani amenituma. Hakunikaribisha ndani, hakunifukuza. Nikavuta kigoda, nikaanza kumenya naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba Mama anamwita.

"Ananiita," akasema. "Tangu lini aliyekufungia anakuita? Si yeye anakuja?"

"Hawezi kusimama, mayu."

"Pole yake. Mimi nilikuwa nasimama. Kila Meza niliosha kitambaa changu cheupe, nikakaa hapa hapa nikatazama njia. Mume wangu akawa ananitania, anasema unamngoja mchumba? Amekufa ananitania hivyo hivyo." Akapeta maganda. "Nikasema labda amezaa. Nikasema labda anaumwa. Baadaye nikaacha kusema labda."

Kumtetea Mama pale ningeweza, maana sababu zake nazijua, na niliueleza ule ujumbe wa mhubiri. Alisikiliza. Akasema mhubiri ni mhubiri. Akasema kama zamani zile angetuma hata mwanamke mmoja, hata kichaa, angemfuata. Na mimi moyoni nikaona ana haki, ingawa nilikuwa nimekuja kwa upande mwingine.

Tukamenya mpaka vidole vikauma. Nikaona jua linapita na basi langu litapita. Nikasema, "Naye hajala Meza."

"Nani?"

"Mama. Mchungaji amemletea, amekataa. Anasema mpaka wewe."

Akaweka ungo chini. "Amekataa Meza naye anakufa?"

"Amekataa."

Akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Kwa hiyo naye yuko benchi la nyuma." Kisha uso ukabadilika na hakucheka tena. Akaniambia, "Nenda, mwanangu, basi litakuacha. Sisemi nakuja. Usiende ukasema nakuja."

Nikarudi, nikamwambia Mama hivyo hivyo, neno kwa neno, kwamba hakusema anakuja. Mume wangu alinitazama, hakunilaumu, na hilo likaniuma kuliko lawama. Mama akasema, "Hata mimi nisingesema." Alhamisi na Ijumaa hakuzungumzia tena. Alikuwa anauliza tu mlango wa mbele uko wazi au umefungwa.

Leo baada ya saa sita ikasimama pikipiki nje. Mwanamume wa makamo, kichwa hakina nywele, tumbo limetangulia, na nyuma yake yule bibi, kitambaa cheupe kichwani, furushi mapajani. Nikatoka mbio kumkaribisha. Akaniinulia kiganja.

"Siingii. Mwambie nimefika mlangoni. Nimemsaidia njia. Mlango uliobaki ni wake."

Akasimama kwenye ua wa minyaa, jua likimpiga.

Nikaingia nikamwambia Mama. Nilidhani atalia. Alisema, "Nivalisheni." Nikamvalisha gauni la kanisani na kitambaa chake cheupe, ambacho sasa kinamzidi kichwa. Mume wangu na yule mwanamume wa pikipiki wakamweka kwenye kiti cha mikono, wakambeba. Alikuwa mwepesi, lakini walitembea kama wamebeba chungu cha maji. Wakamteremsha kizingitini, na hapo akasema basi, akanyoosha mkono. Yule bibi akatoka kwenye ua, akaja, akaushika.

Walizungumza Kinyamwezi, na mimi nimezoea Kiswahili cha mjini, kwa hiyo naandika maana kama nilivyoipata.

Mama akamuuliza lile swali la zamani: moyo wako ukoje na Bwana, na ukoje na watu?

"Na Bwana tunasalimiana. Na watu, nilikuwa na hasira na wewe. Nimekuja nayo kwenye pikipiki, sijui imeanguka wapi." Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa desturi. Akauliza, "Na wako?"

Mama akasema, "Nilikufungia nikiamini ni haki. Kukusahau haikuwa haki." Nadhani alisema hivyo. Inawezekana alisema kukuacha, siyo kukusahau. Nimemuuliza mume wangu, naye hana hakika.

"Hirizi je?" mgeni akauliza.

"Hirizi sikuikubali, na siikubali."

"Na mimi sijutii. Mwenye hirizi ndiye huyo aliyekubeba."

Mama akageuza shingo, akamtazama yule mwanamume mwenye tumbo kuanzia juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Yule wa degedege?"

"Ndiye. Ana wajukuu."

"Kiuno hicho kingemaliza uzi wa mganga wote," Mama akasema, na yule mwanamume akacheka mpaka akafuta macho, na mama yake akacheka, na Mama naye akakohoa kwa kucheka. Nikaogopa, nikamshika mgongo. Hakuna aliyeachia mkono.

Mume wangu akaenda mwenyewe kumwita mchungaji. Alirudi naye upesi. Mama hakutaka kurudishwa kitandani. Tukaweka benchi la jikoni sebuleni, tukamketisha kwa kumwegemeza, na yule bibi akakaa upande wake, mabega yakigusana. Ndivyo ilivyotakiwa iwe Meza ile iliyofuata, zamani, kabla ya pamba ya Puge. Mchungaji alisoma polepole. Alipofika kwao alimpa kwanza yule bibi. Sijui alijuaje, au labda alikuwa tu karibu zaidi. Bibi akala, akanywa. Alikaa na kikombe mdomoni kuliko inavyohitajika, na mchungaji hakukivuta. Halafu Mama. Mkate nilimlainishia kwa divai, akameza.

Mimi nilipokea wa mwisho. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nafikiria mambo matakatifu. Nilikuwa nafikiria wanawake wote waliopita katika mikono ya Mama na ya bibi yake, waliochukuliwa na ambao hawakuchukuliwa, na kwamba sasa hakuna anayeuliza swali lile, na sijui kama ni raha au ni upungufu.

Jioni Mama amerudi kitandani, na mgeni amekataa kurudi Puge leo. Amemrudisha mwanawe peke yake na pikipiki. Mwenyewe amelala chini kwenye mkeka karibu na kitanda, wanaongea chinichini, na nikiingia wananyamaza kama wasichana. Alichokuwa nacho kwenye furushi kilikuwa karanga, zile tulizomenya wote Jumatano. Alisema mwaka huu amejinyima mbegu kwa ajili yetu. Nilizisaga nikaungia nsansa, majani makavu ya kunde, tukala kwa ugali wa mtama. Mama alikunywa uji. Mgeni ndiye aliyemshikia kikombe.